Kurudi shule ukiwa huna kwenu: godoro, karatasi, kisha darasa

Familia ikipoteza makazi na mtoto akaacha shule, swali la kwanza la jirani huwa ni ada. Ada si kikwazo tena kwenye shule za serikali za Tanzania Bara. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliiondoa kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, ukaanza kutumika Januari 2016, na mwaka 2022 serikali ikaondoa ya kidato cha tano na sita. Mtoto asiye na kwao anakwamishwa na mambo mengine matatu: hana pa kulala panapojulikana, hana karatasi, na saa zake za mchana ameshaziuza ili apate kula.

Tatua hayo kwa mpangilio huo. Watu wenye moyo mzuri mara nyingi huanzia mwisho: wananunua sare, viatu na begi, wanampeleka mtoto shule Jumatatu asubuhi wakiwa na furaha, na wiki ya tatu begi limeshauzwa. Si kwamba mtoto hana shukrani. Begi halilaliwi.

Godoro

Kama ana umri chini ya miaka 18, hili si suala la huruma yako peke yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kumlinda, na mwenye kazi hiyo ni Afisa Ustawi wa Jamii. Anza kwa ofisi ya mtendaji wa kata, uulize ustawi wa jamii wa eneo lenu anakaa wapi. Usipompata, piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Kama mtoto alikimbia kipigo au kuingiliwa kimwili, pitia pia Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na ufanye hivyo kabla hujawapigia ndugu.

Afisa ustawi atamsikiliza mtoto, atafuatilia ndugu, atakwenda kuona nyumba, ndipo aamue: arudi nyumbani, awekwe kwa ndugu mwingine, akae na mlezi wa kuaminika aliyethibitishwa, au aende makao ya watoto. Makao ni njia ya mwisho. Ukielekezwa huko omba kuona leseni. Makao halali yanayo na hayaoni haya kuionyesha.

Haraka ndiyo inayoharibu kazi hapa. Mtoto anarudishwa nyumba ileile aliyoikimbia kwa sababu mama kalia mbele ya mtendaji, na baada ya siku kumi yuko stendi tena, safari hii akiwa hamwamini mtu yeyote. Kilichomtoa nyumbani kikiwa bado kipo, basi bado hajapata pa kurudi.

Ndugu nao wanataka kupimwa. "Nitamchukua, atasoma huku" ni maneno yaliyowafanya wasichana wengi kuwa watumishi wa ndani wasiolipwa. Kabla mtoto hajapanda basi kwenda kwa shangazi, uliza mambo matatu, tena uyaulize kwa upole kama mtu anayepanga safari: atalala chumba gani na nani, atafanya kazi gani za nyumbani na saa ngapi, na shule iko umbali gani kwa miguu. Shangazi aliyejipanga atajibu bila kusita. Akisema "tutaangalia akifika", subiri kwanza. Makubaliano yaandikwe mbele ya mtendaji, yasainiwe, nakala moja ibaki kwa ustawi. Kisha mtembelee wiki ya pili na mwisho wa mwezi, bila kutoa taarifa.

Mama mwenye watoto wanne aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga anashauriwa na kila mtu awagawe watoto kwa ndugu. Ikilazimu, agawe kwa kufuata shule. Aliye darasa la saba au kidato cha nne abaki karibu na shule yake hata kwa kulala kwa jirani, kwa sababu kituo chake cha mtihani kimeshasajiliwa. Wadogo wanahamishika kwa urahisi zaidi.

Nyumba ikiwa imepotea kwa sababu baba amefariki na ndugu zake wameichukua, usiache jambo hilo lipite kama "mambo ya ukoo". Mirathi mara nyingi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia kilichopendekeza msimamizi. Mjane asiye na fedha za wakili aulize wasaidizi wa kisheria wa wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua na huduma yao hailipiwi. Kesi itachukua muda, na shule isiisubiri. Lakini ikifunguliwa mapema, nyumba haiuzwi kirahisi.

Kuna pia gheto. Wanafunzi wa sekondari za kutwa wanaotoka mbali hupanga chumba karibu na shule, na kwa kijana asiye na kwao hili linaweza kuonekana jibu. Liwe jibu la mwisho, na kwa msichana uliza kwanza hosteli ya shule. Ikibidi, chagua chumba kwenye nyumba ambamo mwenye nyumba anaishi mwenyewe, wakae wawili wa jinsia moja, na namba ya mwenye nyumba iwe kwa mwalimu wa malezi. Kodi ilipwe na mtu mzima moja kwa moja. Wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu hadi sita mbele, na mwanafunzi anayedaiwa kodi peke yake huwa windo rahisi kwa mtu mwenye pikipiki na chipsi.

Karatasi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo watu wanapopaona pa kuchosha wakaparuka.

Ya kwanza ni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji. Asiye na makazi atasikia: "Wewe si mkazi wangu." Usibishane. Nenda na mtu anayekaa hapo, awe mlezi mpya, mjumbe wa shina au kiongozi wa dini, aseme kwamba huyu anaishi kwangu kuanzia tarehe fulani. Barua itaje jina kamili, tarehe hiyo na jina la mlezi. Ukiipata, toa nakala tano siku hiyohiyo.

Ya pili ni cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Mtoto chini ya miaka mitano, katika mikoa iliyofikiwa na mpango wa usajili wa watoto hao, husajiliwa bure kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya. Aliyezidi umri huo huomba kwa ofisi ya mkuu wa wilaya au kupitia mtandao wa RITA, akiwa na vielelezo: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi la hospitali, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule, barua ya mtendaji. Kama kadi ya kliniki iliungua au kuachwa kwenye nyumba mliyofukuzwa, rudini zahanati ile mkaombe rejesta iangaliwe, au mtafute mwalimu mkuu wa shule ya kwanza, kwani kitabu cha uandikishaji huwa na tarehe ya kuzaliwa. Cheti kikichelewa, mtoto asikae nyumbani akikingoja. Mwombe mwalimu mkuu ampokee kwa barua ya mtendaji, kisha mlete cheti.

Ya tatu wengi hawaijui kabisa: namba ya PREM. Kila mwanafunzi aliyesajiliwa shule ya msingi anayo, iko kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na inamfuata mpaka anapofanya mtihani. Uhamisho unafanyika humo humo: shule anayotoka inamwachia, shule anayokwenda inampokea. Mtoto anaweza kukaa darasani miezi minane, anajibu maswali, anaimba wimbo wa taifa asubuhi, na ikifika usajili wa mtihani jina lake bado liko kwenye shule ya zamani, Mwanza. Kwa hiyo siku ya kwanza uliza shule mpya: "Namba yake ya PREM mmeshaipokea?" Shule ya zamani ikisuasua, mpitie Afisa Elimu Kata.

Ya nne, kwa aliyefiwa na mzazi, ni cheti cha kifo. Watu huzika wakasahau. Miaka sita baadaye kijana anaomba mkopo wa chuo kama yatima na hana cha kuonyesha. Kitafute sasa, wakati mashahidi wa msiba bado wapo na kibali cha mazishi hakijapotea.

Halafu majina. Kwenye PREM ameandikwa Juma Ally, cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Ali Hamisi, kadi ya kliniki inasema Jumanne. Familia zinazohamahama huwa na hili karibu kila mara, kwa sababu kila aliyempokea mtoto alimwandikisha kwa jina la ukoo wake. Chagua jina moja, lile la cheti cha kuzaliwa, na ulirekebishe shuleni kabla ya usajili wa darasa la saba. Likishaingia kwenye cheti cha kidato cha nne, itabaki kuandika viapo kwa mawakili kila unapoomba kitu.

Karatasi hizi zisikae na mtoto. Nakala halisi zikae kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji kwa mtu mwenye kabati linalofungwa: mwalimu, padri, imamu, bibi. Piga picha kila moja, uitume kwenye barua pepe ambayo nywila yake wanaijua watu wawili. Anayelala varandani ananyeshewa na mvua, anafukuzwa na mgambo na anaibiwa, na hakuna anayerudi kuokota karatasi.

Darasa gani

Umri ndio unaoamua, si aibu. Kijana wa miaka 15 akiketishwa darasa la tatu atatoroka, na wewe ungetoroka.

Mtoto wa miaka saba hadi kumi arudi darasa la kawaida. Mwalimu atampima kusoma, kuandika na kuhesabu kisha amweke panapomfaa. Kuanzia miaka 11 kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Una makundi mawili, la miaka 11 hadi 13 na la 14 hadi 18, na madarasa yake huwa ndani ya shule za msingi za kawaida. Wa kundi la kwanza wakifaulu mtihani wa darasa la nne huingia darasa la tano na wenzao. Si kila shule ina MEMKWA inayofanya kazi, kwa hiyo muulize Afisa Elimu Kata ni shule ipi yenye mwezeshaji anayefika kila siku. Ubao wa tangazo mlangoni usikudanganye.

Aliyekatiza sekondari arudi haraka. Mwanafunzi akikosekana siku 90 mfululizo huhesabiwa mtoro aliyejiondoa, na mlango unakuwa mzito. Hata hivyo haufungwi: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu waliokatiza masomo kurejea, wakiwemo wasichana waliojifungua. Mkuu wa shule akisema hawezi kumpokea, mwombe kwa heshima aandike sababu kwa maandishi ili uipeleke kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Mara nyingi ombi hilo peke yake humfanya afikirie upya.

Aliyepitwa na umri, au ambaye lazima afanye kazi mchana, ana njia ya mtahiniwa wa kujitegemea. Ambaye hakusoma sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, ambao kila mtu anauita QT. Akifaulu ndipo anaruhusiwa kujisajili kidato cha nne. Masomo hutolewa jioni na mwisho wa wiki kwenye vituo, vikiwemo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyo na ofisi mikoani. Usajili wa mitihani hiyo kwa kawaida hufunguliwa Januari na hufungwa mapema. Anayechelewa hulipa faini, na akichelewa zaidi anasubiri mwaka mzima. Weka ada ya mtihani pembeni tangu Oktoba. Jihadhari na vituo vya mtaani vinavyoahidi "kidato cha nne kwa miezi sita": kabla ya kulipa senti, uliza namba ya usajili wa kituo na uone namba za mtihani za mwaka uliopita.

Ufundi unastahili nafasi kubwa kuliko unavyopewa. Kijana wa miaka 17 anayelea wadogo zake wawili hawezi kungoja miaka sita ya vitabu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi ndefu za ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na kozi fupi za wiki au miezi michache: umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji, mapishi. Kinachowashinda wengi si ada bali vifaa, ovaroli, viatu vya kazi na nauli ya kila siku. Omba orodha ya vifaa kabla ya kukubali nafasi, ujumlishe. Kijana aliyejifunza gereji chini ya fundi kwa miaka hahitaji kuanza upya: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, anapimwa kwa vitendo, anaongezewa anachokosa, anapewa cheti.

Kwa mama kijana, uliza Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu. Viko 54 nchini, vingi vina mabweni, na baadhi vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Kwa mtu asiye na nyumba wala wa kumwachia mtoto, chuo cha aina hii hutatua mambo matatu kwa mpigo.

Tumbo na saa

Mtoto anayeuza maji stendi analeta nyumbani pesa ya unga. Ukimpeleka shule, pesa hiyo inakatika siku hiyohiyo. Usipojua itazibwa na nini, mama mwenyewe ndiye atakayemtoa shule, tena kwa machozi. Kaa na familia mkapige hesabu: alikuwa akileta kiasi gani kwa siku, siku ngapi kwa wiki, na hiyo pesa ilinunua nini hasa. Mara nyingi pengo lote ni mlo mmoja wa jioni. Mlo mmoja unaweza kuzibwa, na umaskini wote hauwezi.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, inasaidia kaya maskini kwa ruzuku, na kaya yenye watoto wa shule hutakiwa kuonyesha mahudhurio ya angalau asilimia 80. Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa. Asiyejulikana mtaani hatajwi. Hapo ndipo barua ya mtendaji inarudisha faida. Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hiyo ni ya mama, si ya mtoto, na inataka kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo msiitegemee kwa chakula cha mwezi huu.

Shuleni uliza kuhusu chakula. Shule nyingi wazazi hukubaliana kwenye kikao kuchangia mahindi na maharage au fedha za uji. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla mtoto hajaitwa mbele ya wenzake, mweleze hali, muombe asamehewe au familia ilipe kwa kazi: kuni, maji, kufyeka. Anayepata uji saa nne ana sababu ya kuja kesho.

Pa kusomea jioni ni suala la kweli. Wanaolala sita chumba kimoja hawana meza. Maktaba za mikoa, na Maktaba Kuu ya Taifa kwa walio Dar es Salaam, zina viti na taa. Misikiti na makanisa mara nyingi huruhusu ukiomba. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Simu moja ya mlezi inatosha.

Wiki ya tatu na mwezi wa tatu ndizo nyakati za kumwangalia. Dalili huwa ndogo: anasinzia kipindi cha kwanza, hayupo Jumatatu, sare haijafuliwa, anakwenda chooni wakati wa chakula ili asionekane hali. Msichana anayekosekana siku nne kila mwezi anahitaji taulo za kike, si adhabu. Panga na mwalimu mmoja, mmoja tu, akupigie mtoto akikosekana siku mbili.

Baada ya kidato cha nne

Shule nyingi za kidato cha tano ni za bweni, na kwa asiye na kwao hiyo ni miaka miwili ya kitanda. Kwa hiyo fomu ya Selform, ambamo mwanafunzi wa kidato cha nne huchagua tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano) na vyuo, ijazwe kwa makini. Lakini bweni hufungwa. Juni na Desemba wenzake wanapanda mabasi, yeye anabaki na sanduku getini. Tafuta pa kwenda likizo miezi miwili kabla, na mkuu wa shule ajue.

Kwa chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo. Uyatima, ulemavu na kaya ya TASAF huzingatiwa, na kila kimoja kina karatasi yake: vyeti vya kuzaliwa na vifo vihakikiwe na RITA kwanza, na uhakiki huo huchukua siku, hivyo uombwe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili aambatishe barua ya mfadhili huyo, aiombe wakati mfadhili bado anapatikana. Fomu hupigwa chapa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au kamishna wa viapo, kisha kurasa zilizosainiwa hupakiwa tena mtandaoni. Maombi mengi huangukia hapo, ukurasa mmoja hauna muhuri. Soma kila ukurasa kwa kidole kabla ya kutuma. Na akikosa au akipata kidogo, dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya majina kutoka. Hukaa wazi siku chache, kwa hiyo asizime simu.